Goti Lililosingiziwa



Wengi wenu mlinijua kwa mwendo wangu kabla ya kunijua kwa jina. Nikipita uwanjani jioni, hata mtu asiyeuona uso wangu husema, "Yule ni fulani," maana mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita 2, nami huchechemea. Kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza kama nilianguka mtini au kama nilizaliwa hivyo. Basi mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliponitaka niandike habari ya sayansi, niliona yafaa niwajibu wote pamoja, na papo hapo niwaeleze jinsi waganga wa hospitali wanavyoweza kutazama ndani ya nyonga ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo, lau mtu mmoja angalilijua mapema siku zile, huenda leo ningalikuwa nikicheza mpira pamoja nanyi. Jambo lenyewe ni hili: picha ya hospitali ni shahidi mwema, lakini shahidi hujibu lile tu aliloulizwa.

MAUMIVU MAHALI PASIPO PAKE

Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa na umri wa miaka 13, tena mnene, hata wenzangu wakanipa jina la Pipa. Katika muhula wa pili nilianza kuumwa goti la kushoto. Mwanzoni liliuma baada ya mbio tu. Kisha likauma nikipanda ngazi za bweni. Mwisho likauma hata nikiwa nimeketi darasani. Nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya wazazi kututembelea, bibi yangu, ambaye kwetu twamwita jjajja, alikuja na samli katika chupa akanikanda goti mbele ya watu wote. Nilipata nafuu ya siku mbili, kisha maumivu yakarudi.

Baadaye nilipelekwa katika hospitali moja. Niliulizwa, "Waumwa wapi?" Nikaonyesha goti. Karatasi ikaandikwa goti, goti likapigwa picha, na picha ikaonyesha goti zima lisilo na kasoro yo yote. Mpiga picha hakukosea hata kidogo. Aliombwa goti, akapiga goti, nalo lilikuwa zima kweli. Lakini niliporudi shuleni na habari ya kwamba "picha haina kitu", maneno hayo yaligeuka yakawa hukumu. Tangu siku ile nilihesabiwa kuwa mvivu, na ushahidi wa hospitali juu yake. Niliandikwa katika orodha ya wakwepa mbio, nikafyeka majani Jumamosi tatu mfululizo nikiegemea mguu mmoja. Hata mimi mwenyewe nilianza kujishuku. Usiku nilijiuliza, je, huenda kweli naogopa mbio?

Nilikaa katika hali hiyo zaidi ya miezi miwili.

Likizo ilipofika, mama alinipeleka kwa tabibu mmoja mzee katika zahanati ya kijiji chetu. Mzee yule hakuniuliza kitu kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni akinitazama nikija toka langoni, kisha akaniambia nirudi nilikotoka nitembee tena. Mama alisema, "Musawo, mtoto amechoka." Akajibu, "Nisamehe, mama. Mguu wake waniambia neno, nami nataka ulirudie." Alikuwa ameona kwamba unyayo wangu wa kushoto ulielekea nje kuliko wa kulia.

Akanilaza chali kitandani, akanikunja magoti moja moja kuyapeleka kifuani. La kulia lilikuja moja kwa moja. La kushoto, kila lilipopandishwa, paja zima liligeuka nje lenyewe, wala halikukubali kugeuzwa ndani. Ndipo aliposema, "Mwanangu, goti lako linasingiziwa. Mwizi yuko nyongani."

Hakuniruhusu kukanyaga chini tena hata hatua moja. Aliandika karatasi nyingine: nyonga zote mbili, picha ya mbele na picha ya mkao wa chura. Nikachukuliwa nimelala juu ya godoro nyuma ya gari la jirani mpaka hospitali kubwa. Kabla sijawaambia walichokiona huko, yapasa kwanza tujue nyonga ni kitu gani.

NYONGA NA HILA YAKE

Nyonga ni kiungo cha mfano wa mchi katika kinu. Juu ya mfupa wa paja pana shingo fupi, na juu ya shingo pana kichwa cha mviringo kama mpira. Kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe kilicho ubavuni mwa mfupa wa fupanyonga. Kichwa na kikombe vyote vimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, na ukingo wa kikombe umezungukwa na pete ya gegedu nyingine iliyo imara. Kiungo chote kimefungwa ndani ya mfuko wa kano zenye nguvu, na ndani ya mfuko mna ute kidogo wa kulainisha. Nje yake ziko nyama nene za paja, za tako na za kinena.

Kwa hiyo nyonga imefichika sana. Goti likivimba waweza kulishika ukaona. Nyonga ikijaa maji au usaha, nje huoni kitu.

Tena ina hila. Neva zinazopeleka habari za maumivu ya nyonga, mojawapo ikiwa ile iitwayo obturata, hupokea pia habari kutoka pajani na gotini. Fikirini kengele yetu ya shule kama ingalifungwa kamba mbili, moja ikaenda jikoni na moja kanisani. Aliye bwenini angaliisikia kengele, lakini asingalijua ni kamba ipi iliyovutwa. Ubongo wangu uliisikia kengele ya nyonga ukadhani ni ya goti. Kwa sababu hii waganga hufundishwa kwamba mtoto aumwaye goti lisilo na kasoro ni lazima apimwe nyonga.

Na kwa mtu anayekua kuna udhaifu mmoja zaidi. Kati ya kichwa cha mfupa na shingo yake pana tabaka jembamba la gegedu ambalo kwalo mfupa hurefuka. Katika miaka ya kubalehe, tangu 10 hadi 16 hivi, mfupa hukua kwa haraka na tabaka hilo huwa si imara. Uzito wa mwili ukizidi, kichwa chaweza kuteleza juu ya shingo yake. Huteleza kwenda nyuma na chini, kama kofia inayoteleza kuelekea kisogoni. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu.

SHAHIDI WA KWANZA: EKSIREI

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen tarehe 8 Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Alikuwa akijaribu umeme ndani ya bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi nyeusi, akaona gizani ubao uliopakwa kemikali fulani uking'aa mbali na bomba. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete yake kidoleni. Kwa kuwa hakujua mionzi ile ni kitu gani, aliiita X, kama tufanyavyo sisi katika aljebra kwa namba tusiyoijua. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Hakutaka hati ya kumiliki uvumbuzi wake, hivyo kila hospitali iliweza kuutumia.

Namna ya kazi yake si ngumu kuielewa. Ndani ya bomba lisilo na hewa, waya hupashwa moto ukatoa elektroni. Umeme wa volti 70,000 hivi huzivuta kwa kasi zikagonga kipande cha tungsteni. Karibu nguvu zote hugeuka joto, ila kadiri ya sehemu 1 katika 100 hutoka ikiwa mionzi. Mionzi hiyo hupita mwilini mpaka kwenye filamu au kibao cha kuipokea. Wanafunzi wa kemia watakumbuka kwamba kalsiamu iliyo mifupani ina namba ya atomu 20, na oksijeni, kaboni na haidrojeni zilizojaa nyamani zina 8, 6 na 1. Atomu nzito huzuia mionzi zaidi. Kwa hiyo penye mfupa picha hubaki nyeupe, na penye nyama huwa ya kijivu.

Hapo ndipo palipo na nguvu ya eksirei, na papo hapo ndipo palipo na upungufu wake. Mfupa waonekana vizuri. Gegedu haionekani kabisa. Ule mwanya mweusi uonekanao kati ya kichwa na kikombe si utupu, bali ndiyo gegedu yenyewe, na mganga huukadiria unene wake kwa kuutazama mwanya. Nyama, kano, maji na usaha vyote hufanana kama kivuli cha ukungu.

Kwangu mimi eksirei ilikuwa shahidi wa kufaa. Nililazwa, nikapigwa picha ya mbele, kisha nikakunjwa magoti na kutanuliwa mapaja kama chura, kwa uangalifu sana, nikapigwa ya upande. Daktari alimwonyesha mama picha ya mbele. Alichora mstari ukifuata upande wa juu wa shingo ya mfupa. Katika nyonga ya kulia mstari ulikata kipande kidogo cha kichwa, kama ipasavyo. Katika ya kushoto ulipita juu pasipo kukigusa kichwa. Mama hakuona tofauti kubwa. Ndipo daktari alipoweka picha ya pili, nasi sote tukaona bila ya kuelezwa. Kumbukeni ile kofia: mtu akikutazama uso kwa uso, kofia iliyoteleza kisogoni huenda usiitambue, lakini akigeuka upande huna shaka. Ndiyo maana tabibu mzee aliomba mkao wa chura.

Nilipasuliwa kesho yake. Nilitiwa skrubu moja ndefu kupitia shingoni mpaka kichwani ili kisiteleze zaidi. Kule kilikokwisha kufika hakikurudishwa, maana kukivuta kwa nguvu kungaliweza kuikata mishipa ya damu inayokilisha. Kwa hiyo mguu wangu ulibaki mfupi, na paja langu hadi leo hugeuka nje nikilikunja. Daktari alimwambia mama kwa upole kwamba kichwa huteleza kidogo kidogo, na kwamba anayeletwa mapema hubakiwa na ulemavu mdogo. Mama hakujibu. Mimi nilihesabu zile Jumamosi tatu.

SHAHIDI WA PILI: SAUTI

Nilipokuwa nimelazwa, kitanda cha jirani aliletwa mtoto wa miaka 4 mwenye homa kali, aliyelia kila alipoguswa mguu. Nilidhani atapelekwa eksirei kama mimi. Lakini daktari alimpaka kinenani dawa ya utelezi, akapitisha juu yake kifaa kidogo kama sabuni ya kipande, na kwenye kioo ikaonekana picha ikichezacheza. Hiyo ndiyo altrasaundi.

Altrasaundi haitumii mionzi. Hutumia sauti nyembamba mno isiyosikika. Sikio la mwanadamu halisikii sauti inayopita mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Altrasaundi ya hospitali hutikisika mara milioni kadhaa. Sauti husafiri nyamani kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, na kila ikutapo mpaka wa kitu na kitu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechelewa kiasi gani, ikajua umetoka umbali gani, ikachora. Popo hufanya vivyo hivyo kila usiku juu ya miembe yetu bila ya kwenda shule. Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1958.

Kwa nyonga, altrasaundi huona yale ambayo eksirei haiyaoni: maji yaliyojaa katika mfuko wa kiungo, jipu lililojificha ndani ya misuli, kano iliyovimba. Majipu ya misuli si mageni katika nchi zetu za joto. Jipu likikaa katika msuli upitao mbele ya nyonga, mgonjwa hukunja paja wala hawezi kulinyoosha, na mtu aweza kudhani kiungo ndicho kinachougua. Kwa mtoto yule, picha ilionyesha mfuko wa kiungo umejaa. Lakini altrasaundi haiwezi kuapa kama ni maji tu au ni usaha. Ilibidi sindano iingizwe ivute kidogo. Ukatoka usaha, akapasuliwa usiku ule ule ukaoshwa, kwani usaha ukikaa siku chache tu hula gegedu isirudi tena. Kabla sijaondoka alikuwa akinirushia maganda ya ndizi.

Kifaa hiki kina kazi nyingine kwa watoto wachanga. Kichwa cha mfupa wa paja cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni gegedu tupu, hivyo eksirei hupita bila ya kukiona. Reinhard Graf wa Austria ndiye aliyeanzisha njia ya kupima nyonga za wachanga kwa altrasaundi, mwaka 1980. Katika nchi baridi ambako watoto walifungwa nguo miguu ikiwa imenyooka, nyonga zisizokaa vizuri kikombeni zilikuwa nyingi. Kwetu Afrika ni adimu, na wataalamu wengi wanaona kwamba kubebwa mgongoni miguu ikiwa imetanuka ni sababu mojawapo. Basi mama zetu walikuwa wakitibu nyonga kwa kitenge pasipo kujua.

Upungufu wake ni kwamba sauti haipenyi mfupa mzima ukaona ndani yake, tena yategemea sana ustadi wa mkono unaoshika kifaa.

SHAHIDI WA TATU: VIPANDE VYA MKATE

Mkate mzima hukuonyeshi kama ndani mna jiwe. Ukiukata vipande vyembamba utaliona na mahali lilipo. Hiyo ndiyo kazi ya CT skani. Bomba la eksirei huzunguka mwili, na kompyuta hukusanya vivuli kutoka kila upande ikatengeneza picha ya kila kipande. Godfrey Hounsfield wa Uingereza alitengeneza mashine hiyo, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu za jambo hili zilikuwa zimekwisha kufanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alilianza wazo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town mwaka 1956. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwa nyonga, CT hufaa hasa mifupa ikivunjika. Mtu aangukaye na bodaboda aweza kuvunja kikombe cha nyonga vipande vingi, na kimoja kikanasa ndani ya kiungo. Eksirei ya kawaida huweka vivuli vyote juu ya kimoja, lakini CT humwonyesha mpasuaji kila kipande kiko wapi. Gharama yake si fedha tu. Mwanadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na chakulani, kwa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani kote. Eksirei moja ya nyonga haifiki 1. CT ya sehemu hiyo yaweza kufika 6 hata 10. Kwa hiyo haiombwi bila ya haja, na kwa kijana zaidi.

SHAHIDI WA NNE: SUMAKU

Nilidhani nimekwisha kujifunza somo langu lote, mpaka mwaka huu. Yuko ndugu yetu wa kidato cha pili, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina, mwenye ugonjwa wa selimundu. Muhula uliopita aliumwa nyonga ya kulia. Safari hii hakuna aliyemshuku goti. Alipelekwa hospitali, nyonga zote mbili zikapigwa eksirei, mbele na upande. Akarudi na habari niliyoijua: "Picha haina kitu." Baada ya wiki moja nilisikia mtu bwenini akisema kwamba mtoto yule anajisingizia kwa sababu ya mitihani.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwa Sista anayesimamia zahanati ya shule, nikamweleza mambo niliyoyasoma. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu zikaziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja kina mishipa michache ya kukilisha. Ikizibwa, sehemu ya mfupa hufa kwa kukosa damu. Lakini mfupa uliokufa juzi una kalsiamu ile ile uliyokuwa nayo ulipokuwa hai. Eksirei huona kalsiamu, basi haioni tofauti. Yaweza kupita miezi kabla haijaona, na mara nyingi inapoona, kichwa kimekwisha kuanza kubonyea. Mimi niliulizwa mahali pasipo. Yeye aliulizwa mahali penyewe, ila kwa shahidi asiyeweza kuona jambo lile.

Sista alinisikiliza, akasema, "Ninayajua hayo, mwanangu. Nilikuwa nikitafuta fedha." Anayeweza kuona ni MRI. Mashine hii ni sumaku kubwa. Zilizo nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na kila kimojawapo kina haidrojeni. Ndani ya sumaku ile, viini vya haidrojeni hujipanga, mawimbi ya redio yakavisukuma, navyo vikirudi mahali pake hutoa ishara. Maji, mafuta, gegedu, msuli na uboho hurudi kwa mwendo mbalimbali, hivyo kila kimoja huonekana kwa rangi yake ya kijivu. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hii. Haitumii mionzi ya kudhuru. Mgonjwa hulala kimya nusu saa au zaidi katika mlio kama wa nyundo, wala haruhusiwi kuingia na chuma. Mimi mwenye skrubu ningepaswa kuwaambia kwanza. Kwa nyonga huonyesha pete ya gegedu iliyochanika, msuli uliojeruhiwa, maji ndani ya uboho, na mfupa uliokosa damu mapema kabla haujabonyea.

Mashine hizi ni chache, na gharama yake ni kubwa kwa mzazi anayelima. Walimu walichanga, kidato cha sita tulichanga, baba yake akauza mbuzi. Picha ilionyesha sehemu ya kichwa cha mfupa imekosa damu, lakini umbo lake lilikuwa bado la mviringo. Sasa anatembea kwa magongo ili asiulemee mguu, anafanya mazoezi aliyopewa, naye yuko chini ya daktari. Waganga hawakuahidi kwamba kichwa hakitabonyea. Wamesema tu kwamba wamejua mapema.

NENO LA MWISHO

Wenzangu, sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba mashine iliyo ghali ndiyo iliyo bora. Kilichoniokoa mimi kilikuwa macho ya mzee mmoja aliyenitazama nikitembea. Hakuwa na mashine yo yote. Alijua aulize nini, amwulize shahidi yupi.

Kwa hiyo nawaomba haya. Ukiumwa goti, paja au kinena zaidi ya wiki moja, useme. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukifika kwa tabibu, usionyeshe mahali tu, bali eleza lilianza lini, na huwezi kufanya nini ambacho ulikuwa ukikifanya. Ukiambiwa picha haina kitu, uliza kwa adabu, "Imepigwa mahali gani, nayo haiwezi kuona nini?" Kuuliza si ujinga. Mtoto mwenye homa asiyeweza kukanyaga apelekwe siku ile ile.

Kwenu viranja: mwenye kuchechemea asitiwe katika orodha mpaka apimwe. Na ninyi mliomaliza hapa, mlio waganga, wauguzi na wazazi, mkumbuke kwamba mtoto huonyesha pale anaposikia maumivu, wala hawezi kuonyesha pale yanapotoka.

Bado naitwa Pipa, ingawa sasa ni mwembamba. Yule wa kidato cha pili hubebewa kiti chake na wenzake kutoka darasa hadi darasa, wala hakuna aliyewaamuru. Nami jioni huketi naye kando ya uwanja, tukihesabu magoli.